Aliyewachekesha Watu Mpaka Wakatia Saini

Kila aliyemjua Mkuu wetu wa chuo kule Landani atakuanzia na ucheshi wake. Hata mimi siwezi kuukwepa. Nilisimama kwenye mlango wa chuo chake miaka kumi na mmoja, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyopita mbele yangu bila kuniacha nikitabasamu. Ndiyo maana nina hasira mpaka leo. Mtu mkali akikudhulumu, unajua umedhulumiwa. Huyu alikudhulumu umeshika mbavu kwa kicheko, ukafika nyumbani ukawasimulia wenzako utani wake kabla hujakumbuka alichokuchukulia.

Jina lake sitalitaja. Si kwa heshima. Sababu nitaieleza nikifika mahali pake.

Wala sitasema alizaliwa wapi na nani. Yatosha kwamba alikuwa bingwa wa Kilatini na Kigiriki cha kale, lugha ambazo wenyewe walikwisha kufa zamani, na kwamba aliongoza chuo kimoja kati ya vyuo vinavyounda chuo kikuu kikubwa, jengo la matofali mekundu lililobanwa kati ya benki na hospitali. Chini yake walikuwa walimu, chini ya walimu wanafunzi, na chini ya wote tulikuwa sisi: mabawabu, wafagizi na wapishi.

Na mimi ni nani nimseme msomi kama yule? Nilitua Landani na cheti cha kidato cha nne na begi moja lenye zipu mbovu. Leo hapa Muheza nina nyumba niliyoijenga mwenyewe, nina ofisi ya tafsiri yenye vijana wanne chini yangu, na nina stashahada ya Lugha na Historia ya Kale iliyotundikwa sebuleni ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nitafuteni katika wilaya hii mtu mwingine anayesoma Kilatini bila kamusi. Nimeshatafuta, hayupo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja tu la rangi ya majani makavu, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Miavuli alikuwa akiipoteza kama watoto wanavyopoteza penseli. Pale kwenye chumba chetu cha mlangoni tulimhifadhia saba, na kila mvua iliponyesha alikuja kuuchukua mmoja akiomba radhi kana kwamba ni wetu.

Treni za chini ya ardhi hakupanda kamwe. Alipanda basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele, hata kama mkutano ulikuwa unamsubiri. Mwalimu mmoja kijana alimuuliza kwa nini anajichelewesha.

"Chini ya ardhi nitakwenda mara moja tu," alimjibu, "na siku hiyo hakuna atakayeniuliza tiketi."

Mwanafunzi alimuuliza Kilatini kina faida gani siku hizi. "Hakina hata moja," alisema. "Ndiyo maana hakuna aliyewahi kukiiba." Tajiri aliyetaka kuchangia maktaba kwa sharti kwamba jina lake liandikwe ukutani aliambiwa litaandikwa kwa herufi kubwa sana, kwa kuwa watakaolisoma watakuwa wanapita na basi. Tajiri akacheka, akachangia. Kuhusu kamati alisema ni njia ya watu kumi kufanya kosa ambalo mmoja wao angelionea haya. Niliyaandika maneno hayo yote nyuma ya fomu za vifurushi. Ninazo bado. Mtu hawezi kusema nimemsingizia.

Mimi aliniita Konsuli. Hicho kilikuwa cheo cha watawala wakubwa wa Roma ya kale. "Salamu, Konsuli," angesema akiingia, huku mvua inamdondoka puani. "Dola iko salama?" Nami nilijibu, "Iko salama, Mkuu, isipokuwa lifti." Nilikuwa natembea na cheo kile kama nishani. Nilimwandikia mama yangu barua kumweleza. Mwaka wa saba ndipo bawabu mmoja mzee aliyestaafu alipokuja kutusalimu, Mkuu akapita, akatutazama wote wawili, akasema, "Salamu, makonsuli!" Yule mzee akaniegemea sikioni.

"Nawe anakuita hivyo? Anatuita sote hivyo, bwana. Jina langu hakuwahi kulijua."

Niliona haya, nikasema Mkuu ana mambo mengi kichwani. Nilimtetea! Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilimtetea miaka mingi kuliko nilivyomkasirikia.

Ila ukweli usemwe, alinifundisha. Alikuwa anafika kabla ya saa moja asubuhi, chuo kitupu, wafagizi tu na mimi. Siku moja alinikuta nimesimama kwenye ngazi kuu naangalia maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la ukuta, mistari minne ya Kilatini ambayo watu walipita chini yake kila siku kama wanavyopita chini ya saa mbovu.

"Unataka kujua yanasema nini?" aliniuliza.

"Nataka kuyasoma mwenyewe," nilimjibu.

Mara hiyo hakufanya mzaha. Kesho yake alikuja na kitabu chakavu cha sarufi. Tangu siku hiyo, dakika ishirini kila asubuhi, mimi ndani ya dirisha langu na yeye nje ameegemea kaunta, alinifundisha. Kitabu chetu cha kwanza cha kusoma kilikuwa ukuta ule. Akisha kunipa sentensi alikuwa anafumba macho na kusubiri, na hata nikichukua dakika tano hakunisaidia. Alitaka nami nimfundishe Kiswahili. Nilipomweleza jinsi kitu na mtu na mti kila kimoja kinavyotawala maneno yanayokifuata, alipiga makofi. "Lugha ambayo kila neno linamtii mkubwa wake!" alisema. "Konsuli, niletee iwe mwenyekiti wa baraza langu."

Baada ya miaka miwili ya dirishani alisema niingie darasani. Chuo kile kilikuwa na desturi nzuri. Mtu wa chuo, awe profesa au mwosha sahani, aliruhusiwa kusoma kozi yoyote ya jioni bila malipo. Na mtu wa chuo alijulikana kwa kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa cha jalada la ngozi kilichokaa ndani ya sanduku la kioo ukumbini. Ukiajiriwa, Mkuu mwenyewe alikishika mbele yako, ukaandika jina lako, akakupa mkono na kusema kwa Kilatini kwamba umepokelewa. Ukiondoka, ulitia saini ya pili kando ya ile ya kwanza. Hapo umetoka. Maandishi ya ukutani yalihusu jambo hilohilo. Waanzilishi walichonga kwamba aliyeandika jina lake kitabuni ni wa nyumba hii, na hakuna mwenye uwezo wa kumtoa mpaka mwenyewe aandike kwa mkono wake kuwa ametoka.

Nikajiandikisha stashahada ya miaka miwili. Darasa la jirani, la Kiingereza, alikaa Mama Furaha, mfagizi wa ghorofa ya tatu, mwanamke wa Goma. Kwao alikuwa muuguzi kamili. Landani walimwambia cheti chake hakihesabiki mpaka Kiingereza chake kifike daraja fulani, ndipo aanze upya mafunzo ya uuguzi. Alikuwa amebakiza mihula miwili. Mkuu alimwita Malkia, akamfungulia milango na kumbebea ndoo kwenye ngazi.

"Ule mzee ananichekesha mupaka naumwa tumbo," Mama Furaha aliniambia, akijifuta macho. "Leo ameniinamia na ndoo ya maji michafu, ati nimubariki."

"Umembariki?"

"Nimemubariki na kitambaa ya kufutia sakafu. Akacheka, ndugu!"

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Baraza la chuo liliamua kwamba mabawabu, wafagizi na wapishi wawe chini ya wakala, kampuni ya nje. Kazi ileile, sare nyingine, na tusiwe tena watu wa chuo. Mkuu angeweza kukataa. Sheria za chuo zilimpa kura ya kuzuia, na aliwahi kuitumia kuokoa mti wa uani. Kwa ajili yetu hakuitumia. Alituandalia chai.

Ilikuwa mchana, katika ukumbi mkubwa, na keki, na vikombe vya udongo vilivyokuwa vinatolewa kwa wageni wa heshima. Kitabu kilitolewa sandukuni na kuwekwa juu ya meza. Tulipanga foleni. Mkuu alisimama kando ya meza na koti lake la viraka, na kila aliyefika alikuwa na mzaha wake. Mpishi aliambiwa kwamba tangu sasa supu yake itahukumiwa na mahakama nyingine, yenye huruma zaidi. Fundi wa taa aliambiwa amekiangazia chuo kuliko maprofesa wote. Watu walicheka, wakainama, wakatia saini ya pili, wakaenda kuchukua keki. Niliwaona. Walikuwa wanajitoa kwa mikono yao wenyewe huku wanacheka.

Mimi sikucheka. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na kutoka pale kwenye foleni niliona ngazi kuu na lile jiwe. Nilisoma mistari minne ile kana kwamba naiona mara ya kwanza. Zamu yangu ilipofika, Mkuu akasema, "Konsuli! Roma inaanguka, lakini angalau kuna keki." Nikaichukua kalamu. Nikairudisha mezani.

"Nimesahau miwani," nilisema.

Sijawahi kuvaa miwani maishani mwangu. Mkuu alinikazia macho. Karani wa ofisi ya utumishi akasema basi nije kesho. Mama Furaha, aliyekuwa nyuma yangu, akasogea, akaichukua kalamu niliyoiacha. Mkuu alimwambia kwamba Malkia hastaafu, anabadilisha kasri tu. Kicheko cha Mama Furaha nilikisikia mpaka nilipofika chini ya ngazi. Kesho yake sikwenda, wala kesho kutwa.

Muhula ulipoanza, ofisi ya usajili ilinifungia mlango. Mimi si mtu wa chuo tena, walisema, ni wa wakala. Niliandika barua ya kurasa mbili, kwa Kiingereza safi, na maneno ya ukutani nikayanukuu kwa Kilatini chenyewe. Nikaitwa mbele ya baraza zima, wanasheria wawili wakiwemo. Nilivaa suti. Nikasema, fungueni kitabu. Wakafungua. Jina langu lilikuwa pale, na kando yake palikuwa peupe. Mawakili walioandika mkataba walisahau kuusoma ukuta wanaopita chini yake. Niambieni bawabu gani mwingine amewahi kulikalisha kimya baraza la chuo kikuu!

Mkuu alikuwa wa kwanza kuongea. "Waheshimiwa," alisema, "tumeshindwa na bawabu, na hiyo ndiyo kazi yake, kuamua nani yumo na nani ametoka."

Baraza zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikarudishwa darasani, ingawa kazini nilibaki chini ya wakala, nikamaliza stashahada na daraja la kwanza. Mama Furaha hakurudi. Saini yake ilikuwa kitabuni. Wakala alimhamishia kufagia maghala kule Hayes, jirani na uwanja wa ndege, shifti za jioni, na masomo yake yakaishia hapo.

Kuanzia mwaka ule, jambo langu likawa hadithi ya Mkuu ya mezani. Alipokuwa na wageni, mimi nikiwa mlangoni na sare ya wakala, nilimsikia akiisimulia. "Nilikuwa na bawabu," angeanza, "Konsuli wangu..." Na kila mara watu walicheka palepale. Jasho langu lilikuwa kachumbari ya chakula chao. Hakutaja jina langu hata siku moja, ingawa lilikuwa kitabuni, kwa wino mweusi, alilishuhudia likiandikwa. Basi nami sitalitaja lake. Hiyo ndiyo sababu.

Hata hivyo nilimtafutia udhuru. Nilijiambia yeye ni msomi, na kuna kosa ambalo wasomi peke yao hulifanya. Wakiisha kukisoma kitu mara elfu, hawakioni tena. Aliusahau ukuta, nilijiambia. Mwanamume aliyesahau miavuli saba! Nilirudi nyumbani na udhuru huo ndani ya begi, nikakaa nao miaka.

Mwaka jana Mama Furaha akanitumia ujumbe wa sauti. "Ndugu, mzee yako iko huku kwetu kwa kazi, kwa nyumba ya wazee, Hayes. Mi ndiye namuosha. Bado ananiita Malkia. Kuja umuone mbele hajaenda."

Nilikuwa na safari ya kumtembelea binti yangu anayeishi Neasden, kulekule Landani. Nikamwambia nakwenda kumwona mzee mmoja wa kazini. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa kwamba nivae koti. Nikapanda basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Njia nzima nilikuwa nalipanga swali langu moja. Je, uliusahau ukuta, au uliukumbuka?

Mama Furaha alinipokea kwenye korido na kunikumbatia. Alikuwa amenenepa, na mgongo unamsumbua. "Unakasirika nini, ndugu?" aliniuliza kabla sijasema neno.

"Wewe wa kumwosha yule! Wewe muuguzi!"

"Mutu akichafuka anaoshwa. Ni kazi. Ingia."

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Mifupa mitupu, lakini macho yaleyale. "Konsuli," alisema. "Wamenileta mahali ambapo ndege zinapaa kila dakika na mimi pekee siruhusiwi kupanda." Mama Furaha akacheka, akavuta kiti kumnywesha chai kwa kikombe chenye mdomo, kama cha mtoto. Mimi sikucheka. Nilibaki nimesimama.

"Mkuu," nilisema, "nimetoka Muheza na swali moja, na nakuomba unijibu bila mzaha. Siku ile ya kitabu, uliusahau ukuta?"

Alianza kutabasamu. Niliinua mkono. Tabasamu likakaa kidogo, kisha likaondoka, na chini yake palikuwa na uso ambao katika miaka yote ile sikuwahi kuonyeshwa.

"Hapana," alisema. "Ukuta ule nilikuwa nausoma kila siku."

"Basi kwa nini?"

"Baraza lilitaka kitabu kitiwe saini bila vurugu. Mimi nilijua njia. Mtu anayecheka hasomi." Alivuta pumzi. "Ni jambo baya kuliko yote niliyoyafanya, na nililifanya vizuri sana."

Hasira yangu yote ilisimama. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa kwa miaka, sehemu yake kwa Kilatini, ili asikie elimu yake inamrudi. Nilikuwa nafungua kinywa aliponitangulia.

"Lakini wewe hukucheka," alisema. "Nilikuona ukisoma. Nikasema moyoni, sasa atapaza sauti, na mimi nitashindwa, na itakuwa vyema. Nilisubiri, Konsuli. Ukasema miwani." Macho yake yalihamia kwa Mama Furaha, kisha yakarudi kwangu. "Nyuma yako kwenye foleni walikuwa wamebaki kumi na mmoja."

Kikombe kilisimama hewani. Kiingereza cha Mama Furaha sasa kilikuwa kinatosha kabisa. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa wa kwanza nyuma yangu ni yeye.

"Ukuta ya wapi, ndugu?" aliniuliza. "Waliandika nini pale?"

Ndege ilipita juu, dirisha likatetemeka, ikaisha. Mkuu alifumba macho kama asubuhi zile za dirishani, akisubiri nitafsiri, na nilijua kwamba hatanisaidia.

Nikavuta kiti, nikaketi, nikamsomea mistari yote minne, neno kwa neno, kwa Kiswahili.